Kutunza Rangi ya Gari Jipya Pwani: Mwongozo Kamili wa Kuosha, Kukausha, Kupaka Nta na Kuziba Makovu

Hapa Dar es Salaam tunaposema "gari jipya", mara nyingi tunamaanisha gari lililotembea Japani miaka minane au kumi, likapandishwa meli, likashushwa bandarini, likasajiliwa na kukabidhiwa kwa mtu ambaye kwake yeye ni jipya kabisa. Mwongozo huu unamhusu mtu huyo, na unamhusu pia yule mwenye bahati aliyelitoa lake dukani likiwa na kilomita sifuri, kwa sababu jua, chumvi, vumbi na kunguru havibagui. Hoja yangu ni moja: rangi ya gari huumizwa zaidi na mkono unaoisafisha kuliko na hali ya hewa, na kwa hiyo karibu kila hatua iliyoelezwa hapa chini ni namna ya kupunguza kusugua.

Fahamu kwanza unachokitunza

Rangi ya kiwandani ina matabaka kadhaa. Bodi huzamishwa kwanza katika dawa ya kuzuia kutu inayoshikishwa kwa umeme, juu yake hupulizwa praima, kisha huja rangi yenyewe tunayoiona, na mwisho kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Matabaka yote kwa pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na klia peke yake huwa mikroni 35 hadi 50, ilhali unywele wa binadamu una mikroni kama 70. Mng'ao wote unaokufanya ugeuke nyuma kulitazama gari lako baada ya kulifunga, pamoja na sehemu kubwa ya kinga dhidi ya mionzi ya jua, umo ndani ya ngozi iliyo nyembamba kuliko unywele mmoja. Ngozi hiyo haioti tena. Kila fundi anapopitisha mashine na kompaundi, yaani dawa yenye msasa laini, ili kuondoa mikwaruzo, hula mikroni chache, na zikishakwisha, klia huanza kubabuka kama magamba ya samaki, kama tunavyoona kwenye mapaa na maboneti ya magari mengi yaliyokaa juani miaka mingi.

Yapo magari, hasa meupe ya kawaida na ya kazi, yasiyo na klia kabisa. Rangi yenyewe ndiyo tabaka la mwisho. Ili kujua, chukua kitambaa kidogo cha rangi tofauti na ya gari, tia tone la polishi yenye msasa laini, kisha sugua taratibu mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, gari lako halina klia, na kila polishi utakayoipitisha inakula rangi moja kwa moja.

Siku ya kwanza: kagua kabla ya kupaka chochote

Ikiwa gari lilinunuliwa mnadani Japani, mwombe aliyekuagizia ile karatasi ya mnada yenye mchoro wa gari. Herufi A kwenye mchoro ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, S ni kutu, na W ni alama ya mahali palipowahi kunyooshwa au kupigwa rangi upya; nambari inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo, kuanzia 1 ambalo ni dogo. XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Mimi huitazama W kuliko herufi nyingine zote, kwa sababu kipande kilichopigwa rangi karakana huenda kikawa laini au kigumu tofauti na jirani zake, na mashine ya kupolishi ikikipita kama inavyovipita vingine, rangi inaweza kuungua.

Tafuta pia namba ya rangi. Kwenye Toyota iko katika kibati au stika ya utambulisho, penye maandishi C/TR, ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango: 1F7 ni fedha, 202 ni nyeusi, 070 ni nyeupe ya lulu. Ipige picha uihifadhi kwenye simu, kwani utaihitaji siku jiwe la kwanza litakapoligonga boneti. Mwenye 070 ajue mapema kwamba lulu hupigwa kwa matabaka matatu, na kuipatia sawasawa ni kazi ya fundi mzoefu.

Kagua kwa macho usiku, chini ya taa kali za kituo cha mafuta. Mchana wa saa sita huficha mambo mengi. Taa moja kali iliyo juu ya boneti huonyesha duara za mikwaruzo membamba kama utando wa buibui, zimeizunguka taa yenyewe. Kisha, gari likiwa limeoshwa, vaa kifuko cha plastiki mkononi na upitishe vidole taratibu juu ya paa. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, mimi hutumia kifungashio cha mkate, na kinafaa vizuri sana. Plastiki huongeza hisia za vidole: rangi inayoonekana safi utaisikia ikikwaruza kama msasa laini. Hayo ni machembe ya chuma, lami na masizi yaliyojishikiza, na tutayarudia.

Kuosha

Gari langu la kwanza lilikuwa jeusi. Kila Jumamosi nililipeleka kuoshwa karibu na nyumbani, na kijana aliyeliosha alikuwa na ndoo moja, sabuni ya unga na dodoki. Siku moja nilikaa kumtazama. Dodoki lilimponyoka likaangukia mchangani. Akaliokota, akalichovya mara moja, akalikamua, akaendelea na mlango wa nyuma. Sikumlaumu, maana nilikuwa nikimlipa kwa kasi na alikuwa na magari manne kwenye foleni. Baada ya miezi mitatu boneti lilikuwa na duara nyingi kuliko kisahani cha santuri, na kuziondoa kulinigharimu mikroni ambazo sitazipata tena. Tangu hapo naosha mwenyewe, kwa utaratibu huu.

Chagua kivuli, na wakati uwe asubuhi mapema au jioni. Bati jeusi lililoachwa juani linaweza kufika nyuzi joto 70, na sabuni ikikaukia juu yake huacha madoa kabla hujaifikia. Gusa boneti kwa kiganja. Kama huwezi kukiacha hapo kwa utulivu, subiri.

Andaa ndoo mbili za lita 20, glavu ya kuoshea ya maikrofaiba yenye manyoya marefu, shampuu ya magari, na taulo kubwa la maikrofaiba la kukaushia. Ndoo moja ina maji ya shampuu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na nyingine ina maji matupu ya kusuuzia glavu. Usitumie sabuni ya unga: imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, nayo itaing'oa nta uliyoipaka kwa jasho, na mipira ya milango itakauka. Dodoki liache bafuni.

Anza na magurudumu, kwa brashi na ndoo yake ya peke yake, kwa kuwa vumbi la breki ni chuma kilichosagwa na halipaswi kukutana na glavu ya bodi hata kidogo.

Kisha mwagia gari lote maji kutoka juu kwenda chini, mengi kadiri utakavyoweza, bila kugusa kitu. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu kila chembe ya mchanga inayoondoka na maji ni mkwaruzo uliozuiwa. Ukitumia mashine ya presha, simama umbali wa sentimita 30 au zaidi, na usielekeze maji kwenye ukingo wa rangi iliyokwisha kubanduka, maana yataibandua zaidi. Mahali ambapo maji ya bomba ni ya mgawo na unategemea madumu, keni ya kumwagilia bustani hutoa mtiririko mzuri na dumu moja hufika mbali. Gari lililotoka safari ya vumbi jekundu lisugue baada ya kulilowesha mara mbili, ukipumzika dakika chache katikati ili udongo ulainike.

Sasa chovya glavu kwenye shampuu na uanze paa, kisha vioo, boneti, buti, sehemu za juu za milango, na mwisho kabisa sehemu za chini na bampa, ambako ndiko mchanga mwingi ulipo. Pitisha glavu kwa mistari iliyonyooka, uzito wake tu ukitosha, usikandamize. Kila kipande kikiisha, isuuze kwenye ndoo ya maji matupu, ikamue, ndipo uirudishe kwenye shampuu. Mwisho wa kazi tazama kilicho chini ya ile ndoo ya kusuuzia: kwenye ndoo yangu hubaki tabaka la mchanga unaoweza kuuokota kwa kijiko, na huo wote ungekuwa juu ya milango. Glavu ikianguka chini, ioshwe upya kabisa au ichukuliwe nyingine.

Kosa ambalo ni baya kuliko hata dodoki ni kufuta vumbi pakavu. Kwenye maegesho ya mjini kuna vijana wenye moyo mzuri ambao hufuta gari kwa kitambaa kikavu ukiwa ofisini, wakitarajia chochote utokapo. Mpe asante yake kabla hajaanza, na umwambie kwa upole, "Mdogo wangu, nilindie tu, usilifute." Wa kwangu alicheka siku ya kwanza, lakini alielewa.

Kukausha, na shida ya maji ya kisima

Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na yakikauka yenyewe huacha duara nyeupe ambazo, zikipigwa jua siku kadhaa, huanza kuila klia. Kwa hiyo usiliache gari likauke kwa upepo. Tandaza taulo juu ya boneti, liache linywe maji, kisha livute taratibu kuelekea kwako; usisugue kwa duara. Fulana kuukuu na vipande vya kanga havifai, kwa sababu mishono yake hukwaruza na pamba iliyochakaa hushika mchanga.

Maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi cha nyumbani karibu hayana chumvi, kwa kuwa ni mvuke wa hewa uliogeuka maji. Kinga dumu chini ya bomba hilo, na siku ya kuosha utakuwa na lita kadhaa za kusuuzia mara ya mwisho. Maji ya mvua ya masika hufanya kazi hiyohiyo. Madoa ya chumvi yaliyokwisha kujitokeza yafute kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, gari likiwa baridi, kisha suuza mara moja. Yasipotoka, yameshazama, na hapo ni kazi ya polishi.

Udongo wa kusafishia rangi

Kama kifungashio cha mkate kilikukwaruza vidole, nunua udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaofanana na ule wa watoto wa kuchezea. Lowesha kipande kidogo cha gari kwa maji ya shampuu, telezesha udongo juu yake bila nguvu hadi mlio wa kukwaruza uishe, ukunje upande safi, uendelee. Ukianguka chini, utupe, usijaribu kuuosha. Udongo huu huondoa nta pia, na nao ni msuguano, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka zinatosha.

Nta na ndugu zake

Hapa lazima nionye kuhusu neno moja. Madukani na mitaani kila kitu kinachong'arisha huitwa polishi, lakini ndani ya neno hilo kuna vitu viwili vinavyopingana: kimoja kina msasa laini unaokata klia ili kufuta mikwaruzo, na kingine ni nta inayoongeza kinga juu yake. Soma chupa, au dondosha tone kati ya vidole viwili usikilize kama kuna chenga. Gari jipya lisilo na mikwaruzo halihitaji kile cha kwanza hata mara moja, na gari lenye mikwaruzo halikihitaji kila mwezi.

Wapo wanaosema gari jipya lisipakwe nta hadi miezi ipite ili rangi ipumue. Kwa rangi ya kiwandani si kweli: huokwa kwenye tanuri la joto la karibu nyuzi 140, na hutoka ikiwa imeshakomaa. Ushauri huo ni wa rangi iliyopigwa karakana, ambayo vimumunyisho vyake huendelea kutoka kwa wiki kadhaa.

Nta ya carnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota Brazili, na hutoa mng'ao mzito unaoyapendeza sana magari meusi na mekundu. Kwa joto letu hudumu wiki chache tu, pengine miezi miwili kwa gari linalolala kivulini. Kinga za kutengenezwa kwa kemikali hazina uzuri huo lakini hustahimili miezi minne hadi sita, na mtu asiyependa kazi ya kila mwezi achague hizo. Upakaji ni uleule: gari safi, baridi, kivulini, kiasi cha sarafu moja kwenye sponji kwa kipande kimoja cha bodi, tabaka liwe jembamba kiasi cha kutiliwa shaka kama lipo, subiri lipate ukungu, futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba. Nta nyingi haiongezi kinga, inaongeza tu kazi ya kuifuta. Utajua imekwisha pale maji yatakapoacha kujikusanya matone na kuanza kulala kama shuka.

Kinga ya seramiki ina jina kubwa sasa. Ni kimiminika chenye silika kinachoshikamana na klia na kudumu miaka miwili au zaidi kikipakwa vizuri, na ni kweli kwamba uchafu huondoka kwa urahisi juu yake. Lakini haizuii jiwe, haizuii usukani wa bodaboda, na madoa ya chumvi huikaa vilevile. Ule ugumu wa 9H unaotangazwa ni kipimo cha kukwaruza kwa penseli na hauna uhusiano na almasi. Zaidi ya hayo, hufungia chini yake kila mkwaruzo ulioukuta, kwa hiyo asiye tayari kulipia maandalizi ya rangi asilipie seramiki. Kinachozuia jiwe ni utando angavu wa poliurethani wenye mikroni 150 hadi 200, ambao ni ghali. Kama safari zako ni za barabara kuu nyuma ya malori, uweke kwenye bampa la mbele, boneti na vioo vya pembeni tu.

Na dizeli. Nimeona magari yakifutwa kwa kitambaa chenye dizeli ili yang'ae haraka. Yanang'aa hadi kona ya kwanza yenye vumbi, kisha vumbi lote hubaki hapo, na mipira ya madirisha hulainika.

Kunguru, maembe, lami na breki

Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na leo pwani yote ni yao. Kinyesi chao kina asidi, na jua linapoipasha klia moto huifanya ilainike na kutanuka, kisha jioni inapopoa hujibana kwa umbo la doa lenyewe. Ndiyo maana alama hubaki hata baada ya kuosha. Usikikwangue. Weka juu yake kitambaa kilichoroa maji kwa dakika tano hadi kumi, kiache kilainike, kisha kiinue kama unayeokota kitu. Chupa ya maji na kitambaa safi vikae ndani ya gari siku zote, kwani kinyesi cha asubuhi hakipaswi kusubiri Jumamosi.

Mwembe una kivuli kizuri na tabia mbaya. Wakati wa maua, wadudu wake hudondosha utelezi wenye sukari unaonata, na wakati wa matunda kuna utomvu unaochoma, mbali na embe lenyewe. Hata hivyo, nikilazimika kuchagua kati ya mwembe na jua la siku nzima, nachagua mwembe na ile chupa ya maji, isipokuwa katika miezi ya maua. Turubai nalipendekeza kwa shingo upande: livishwe gari safi pekee, liwe la kitambaa kinachopitisha hewa, na lisitumike mahali penye upepo, maana hapo hugeuka kuwa kitambaa kikavu kinachofuta vumbi usiku kucha.

Matone ya lami yaliyorushwa na barabara inayojengwa yatolewe kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini, ukigusa doa tu, kisha uoshe kwa shampuu hapohapo na upake nta upya. Petroli iliyomwagika kwenye mdomo wa tangi ifutwe kabla muuzaji hajarudisha chenji. Mafuta ya breki ndiyo hatari kuliko vyote: huvimbisha na kubandua rangi, kwa hiyo fundi anapoyaongeza, mwagia maji mengi mara moja penye tone, usianze kwa kufuta.

Jiwe likishagonga

Kovu lililofika kwenye bati, katika hewa ya chumvi, huanza kutu ndani ya siku chache. Bampa ni la plastiki na linaweza kusubiri. Boneti na kingo za milango haviwezi. Agiza kichupa cha rangi kwa ile namba uliyoihifadhi. Safisha kovu kwa spiriti, na kama kuna kutu, ikwangue kwa ncha ya msasa mwembamba hadi bati ling'ae, kisha weka tone la praima. Brashi ya kwenye kichupa ni kubwa mno. Tumia kijiti cha meno, chovya ncha yake, gusa katikati ya kovu na uache rangi itambae yenyewe hadi kingoni. Subiri ikauke, rudia mara mbili au tatu hadi shimo lijae karibu usawa wa jirani zake, na umalizie kwa tone la klia. Litaonekana ukilitafuta kwa karibu, lakini kutu haitaingia.

Ikiwa kipande kizima kimepigwa rangi upya na fundi, kiweke kando katika ratiba yako ya nta kwa mwezi mmoja hadi miwili. Kioshe kwa maji na shampuu tu, usikipitishie udongo wala mashine, na usikubali gari likabidhiwe kwako likiwa limeshapakwa nta kwenye kipande hicho ili liwahi kupendeza.